Tatu na Kidogo

Mume wangu Zéphirin ni fundi baiskeli hapa Kindu, na kichwa chake ni kigumu kuliko pedali ya chuma. Amenichosha tangu wakati wa vita.

Mwaka 1999 treni ilikuwa haiji tena, na matairi yalikwisha madukani. Zéphirin akaanza kukata vipande virefu vya mpira kutoka matairi mabovu ya lori na kuvifunga kwenye magurudumu kwa waya. Kipimo alifundishwa na patron wake wa zamani: upana wa gurudumu mara tatu. Kila mara mpira ulipunguka kiganja kizima, naye akaziba pengo kwa kiraka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nikamwambia si tatu, ni tatu virgule moja nne moja tano tisa, na tarakimu zinaendelea bila mwisho.

“Hesabu yenye haiishi, miye naikata wapi?” akauliza.

Nikamwambia akate baada ya tarakimu mbili, baiskeli haitajua. Wapi! Akasema hesabu za namna hiyo ni za watu wasio na kazi.

Basi uchungu wa kuzaa ukanishika tukiwa tumekimbilia kijiji kimoja njia ya Kailo. Akanipakia nyuma ya baiskeli kunipeleka maternité ya Kindu. Kiraka kiligonga kila mzunguko, nikakisikia mpaka tumboni. Njiani kikang'oka, na mpira wote ukajivua. Niliogopa kuzalia barabarani, na yeye, jamani, akakunjua mpira wa akiba akaanza kupima: mara moja, mara mbili.

Nilifungua mshipi mrefu wa kitenge kiunoni mwangu, nikauzungusha kwenye gurudumu mimi mwenyewe, nikapiga fundo pale ulipokutana. Nikamwambia akate mpira urefu huo. Akakata. Tukafika, na Naomie akazaliwa kitandani.

Sasa matairi yamejaa sokoni, na Zéphirin huwasimulia wateja kwamba kipimo kile alikivumbua yeye. Tatu na kidogo, anasema. Wakimuuliza kidogo gani, anawaonyesha ule mshipi wangu, umepauka, unaning'inia kwenye msumari. Nikisikia hivyo napandwa na hasira.

Juzi niliushusha niufanye tambara la jikoni. Akaninyang'anya kwa mikono yake ya grisi.

“Usifungue fundo, mama Naomie,” akasema. “Hapo njo hesabu ilikwisha.”

Haiishi, nilitaka kumwambia. Nikaurudisha kwenye msumari.