Godoro la Mama

Fundi wa viatu hapa mtaani Shieywe akifungua mkebe wa gundi, mimi huvuka barabara nisiisikie harufu yake. Ni gundi kama ile Baba aliyobandikia zulia ndani ya gari kuukuu alilonunua kwa Mzungu, lile lenye kitanda na jiko, akawa analitengeneza mwenyewe uani ili asafiri nalo. Paa lilikuwa limeshazibwa kwa lami, sinki lilikuwa linapitisha maji vizuri. Kilichobaki ni godoro. Akaliburuta la Mama hadi nje, akalipima kwa kamba, akaanza kulikata litoshe kitanda cha gari.

“Baba watoto, sisi tutalalia nini?” Mama aliuliza.

“Kwani nyinyi mnasafiri?”

Kisu chake kilikuwa butu, kikawa kinararua sponji vipande vipande. Mama alitazama kidogo, kisha akanituma jikoni nimletee Baba kile kikali.