Nilivyokalia mtaa mzima

Kwenye ofisi ya komini, ile serikali ya mtaa, mimi niliyezunguka nchi nyingi niliketi juu ya mtaa mzima. "Papa, toka kwanza juu ya nyumba zetu," mama mmoja aliniambia, akivuta kitenge chini ya makalio yangu. Kumbe ilikuwa ramani. Nyuzi ni barabara, vifungo vyekundu vya shati ni nyumba zilizobomolewa na mabomu. Wenye nyumba hizo walikuwa wakinyeshewa, huku ofisi ikigawa maturubai karibu na kambi ya askari, ambako hakukuwa na kifungo hata kimoja.

Nimepotea katika miji mingi nikiwa na ramani nzuri kuliko hiyo, lakini hii niliielewa papo hapo. Mkubwa wa ofisi pia aliielewa, maana alianza kukohoa.

"Bon, mama, nani alikupatia ruhusa ya kufanya ramani wakati wa vita?"

"Na ile mabombe, nani aliipatia ruhusa?"