Mikeka Miwili na Mashine Moja ya Gemu

Enzi zetu pale Kariakoo gemu haikuwa ya mtu mmoja. Mashine ilikuwa ya kwetu. Mjomba aliileta kutoka Dubai ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mtu akirudi safari anashuka na redio kaseti na mashuka ya maua. Lakini televisheni ilikuwa ya Mzee Shabani, nyumba ya ng'ambo ya mtaa, na kwa kuwa Bara hatukuwa na stesheni, kazi ya televisheni hiyo ilikuwa mikanda ya video na gemu yetu. Bila kina Shabani sisi tulikuwa na boksi la plastiki tu.

Kila alasiri mimi na kaka yangu Idi tulivuka mtaa na mashine, tukamkuta Zubeda, binti wa Mzee Shabani, ameshatutandikia jamvi. Tulipiga vifaru mpaka vidole vikauma. Kaseti ya gemu ikigoma unaipuliza, ikigoma tena unaipuliza kwa hasira, na ajabu inakubali. Umeme ukikatika unaanza mwanzo. Watoto wa leo wakifa wanaendelea palepale walipofia, na bado wanalalamika gemu ngumu.

Vikaja vyama vingi. Baba alisema vitatuletea fujo, Mzee Shabani akasema chama kimoja kimechoka, kipumzike. Walibishana barazani kila jioni, kahawa ikizunguka, na hakuna aliyejali. Mpaka siku Baba alipomwambia, "Shabani, wewe sema tu umeahidiwa cheo." Mzee Shabani alisimama, akakung'uta kanzu, akavuka kwenda kwake. Kesho yake Mama akanizuia mlangoni na mashine yangu kifuani. "Rudisha hilo dude ndani, we binti. Kwa Shabani hatuendi."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Niliichomeka mashine ukutani bila televisheni, nikabonyeza, nikakodolea macho kile kijitaa chekundu. Kumkosa Zubeda kuliniuma kuliko kuikosa gemu, ila ya gemu ndiyo niliyoweza kuililia mbele za watu.

Ramadhani ikaingia. Wa rika langu mnakumbuka: kila nyumba inatoa sinia nje, mkeka unatandikwa mtaani, wanaume wanakaa, na mpita njia yeyote aliyekutwa na adhana anavutwa kukaa. Sisi watoto ndio tuliokuwa wakamataji. Miaka yote mkeka wetu na wa Mzee Shabani ulikuwa mmoja. Mwaka ule ikawa miwili, inatazamana, kila mmoja unajifanya haumwoni mwenzake.

Jioni moja adhana ilimkuta katikati ya mtaa mtu mzima mwenye mzigo begani, vumbi la safari ya Lindi limemjaa mpaka kwenye kope. Nikamdaka mkono wa kulia. Zubeda akamdaka wa kushoto.

"Karibu futari, bwana," Baba akaita.

"Karibu huku, ndugu yangu," Mzee Shabani naye akaita.

Tukavutana. Yule mgeni akatazama huku, akatazama kule. "Jamani, mimi nimefunga funga moja tu. Niifungulie wapi?"

Basi akautua mzigo wake palepale barabarani, akaukalia. "Nileteeni hapahapa."

Mgeni kufuturu vumbini mbele ya nyumba zao, hilo hakuna kati yao aliyeliweza. Mzee Shabani alishika ncha ya mkeka wake akaanza kuuburuta. Baba akashika wetu. Mikeka ikakutana katikati ya mtaa, teksi ikapiga honi, ikageuza. Mama akaleta uji wa pilipili manga, na magimbi ya nazi yakatoka kwa kina Zubeda. Baba alisogeza kaimati mbele ya Mzee Shabani bila kumtazama.

"Sukari kidogo," Mzee Shabani akasema.

"Ukipata cheo utatuongezea."

Wakabishana mpaka isha. Kesho yake nikavuka mtaa na mashine yangu. Yule mgeni hatukumuuliza hata jina.

Leo nakaa nyumba yenye geti. Mwanangu anacheza gemu kwenye simu na mtu asiyemjua, masikio kayaziba kwa visikilizio, ukimsalimia unasubiri. Idi amejitoa kwenye kundi la familia kwa sababu ya siasa, na kundi la simu halina mtaa wa kuvuka.

Ramadhani hii sikutulia. Nikatandika mkeka nje ya geti, nikatoa sinia, nikawakalisha mume wangu na mwanangu na simu yake. Adhana ikaadhiniwa. Watu wakapita na chupa zao za maji, wananywa huku wanatembea. Nikamdaka mmoja, kijana mwenye begi mgongoni. "Karibu futari, baba."

Alitazama sinia, akanitazama mimi. "Asante, mama. Kwani unagombea wapi?"

Nikamwambia sigombei popote. Akacheka kwa adabu, akautoa mkono wake taratibu kwenye wangu, akaendelea na safari. Nilitamani Zubeda angekuwepo, amshike mkono wa pili.