Wote Walipelekwa Kirotshe

Jirani zangu hapa Mubi wananiuliza kwa nini nagombana na simu kila nikitazama manga, ndivyo tunavyoziita filamu za katuni za Kijapani. Nagombana kwa sababu waandishi wake ni wavivu. Wakishindwa la kufanya na mwalimu wa shujaa, wanamuua. Muziki unaanza, na sisi tunatakiwa kulia.

Yaya, dada yangu mkubwa, hangekubali upuuzi huo. Nyumbani kwetu, milimani Masisi, yeye peke yake ndiye aliyejua Kifaransa, kwa hiyo alitusomea kwa Kiswahili maandishi ya Kifaransa ya chini ya kioo cha simu huku tukiambua maharage. Kila alipokufa mtu mule, yaya alisema, "Hapana, hajakufa. Wanamupeleka Kirotshe kwa tipoyi."

Tulitulia. Kirotshe kuna hospitali, na tipoyi tuliijua: kila mgonjwa wa kijiji alibebwa juu yake, mabegani mwa wanaume. Aliyebebwa asipoonekana tena, yaya alisema barabara iko mubaya, mvua imenyesha.

Leo nasoma Kifaransa mwenyewe, neno kwa neno, na sijaona bado manga iliyoandikwa vizuri kama zile zake.

Siku moja, tukiwa bado kule Masisi, homa ikamshika yaya mwenyewe. Wanaume wakambeba alfajiri, na kabla ya mchana wakarudi naye, uso umefunikwa kitenge. Alikuwa amefia njiani. Mama akaingia kutuambia kwamba amekufa.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Barabara iko mubaya."