Nyota Nyekundu Zilizokataa Kuzimika

Mimi siamini jambo kwa sababu tu limechapishwa, na wiki jana kiburi hicho kiliniumbua. Mwalimu mkuu wa shule moja hapa Bwera alikaa nyuma ya darasa aone kama nafaa kuajiriwa. Nilifunga madirisha, nikatundika shuka nililoazima kwa mama mwenye nyumba wangu, mkulima wa kahawa kutoka Kyondo, nikalimulikia kwa projekta picha ya kundi la nyota lililobanana kama mpira.

Kitabu kinasema nyota za buluu zilizo nzito huzama katikati, nyekundu zikatapakaa kote. Mimi niliona nyekundu zimejazana katikati.

"Kitabu kinadanganya!" nikatangaza. "Wasomi wavivu wananakiliana, nanyi mnakariri. Tumieni macho!"

"Lakini mwalimu..." akaanza Masika, msichana wa dawati la mbele.

"Kaa chini."

Umeme ukakatika, tukafungua madirisha. Picha ilikuwa imetoweka. Nyota zangu nyekundu zilibaki palepale kwenye shuka.

"Mwalimu, hizi zako zinakataa kuzimika!" Masika akasema, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu mkuu akaja mbele, akakwaruza doa moja kwa ukucha, akanusa.

"Tumia macho, mwalimu. Hii iko nyota, ama iko doa ya kahawa mbivu ya kuanika?"