Mshale wa Oili Mbele ya Nyumba ya Bibi Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini, fomani wa karakana ya kinu cha pamba hakunipa spana wala nyundo. Alinikalisha juu ya ndoo mbele ya trekta lililokuwa linanguruma, akaninyooshea kidole kwenye kioo kidogo cha mviringo karibu na usukani.

"Unauona huo mshale? Usiuondolee macho. Ukianguka, piga kelele. Ukisinzia, leo leo unarudi kwenu."

Nilikaa pale mpaka macho yakatoa machozi. Haukuanguka. Jioni akaniambia, "Haya, nusu ya kazi umeshaijua."

Mimi nimeishia darasa la saba, na huenda mengine ninayoandika hayako sawasawa. Fundi aliyenizidi anisahihishe. Ila hili la mshale nalijua. Chini ya injini kuna beseni la chuma, sisi tunaliita sampu, ndimo inamokaa oili. Pampu inaivuta humo na kuisukuma juu, ipite katikati ya vyuma vinavyozunguka. Ubavuni mwa injini linatoka bomba jembamba la shaba hadi nyuma ya geji, kile kioo chenye mshale. Oili inapanda ndani ya bomba hilo, na nguvu yake ndiyo inayousimamisha mshale. Mshale ukilala, jua vyuma vinasagana vikavu. Hapo hakuna kusubiri, ni kuzima.

Kutoka kinuni nilihamishiwa kituo cha kilimo. Injinia wa kituo alikuwa mtu wa maneno machache, na neno lake kubwa lilikuwa moja: "Geji haina mjomba." Alimaanisha haimpendelei mtu, inasema ilichokiona. Baadaye nikapelekwa gereji ya halmashauri, chini ya Mkuu wa Gereji, mama mmoja mtaratibu. Nilistaafu mikononi mwake, nikahamia Pasiansi na kuku wangu, na lile neno la Injinia nikaenda nalo. Sikuwahi kulitilia shaka.

Msimu huu wa kulima, akanipigia simu Bwana Masanja, mkulima wa mpunga katika kijiji kimoja cha ufukweni, mbele ya Ilemela. Ana trekta la zamani aliloachiwa na baba yake, la kale kiasi kwamba hata rangi yake ya kwanza watu wanabishania. Alitaka geji mpya ya oili na bomba lake. Nilipita maduka ya vipuri ya Mkuyuni, nikapata vyote viwili, nikaenda.

Dereva wake, kijana wa makamo aitwaye Kulwa, alinipokea kwa heshima. Nikamuuliza geji ina shida gani.

"Haina shida, mzee. Ina woga."

"Woga wa nini?"

"Wa Bibi Kabula. Tukifika kwake pale mlimani, mshale unalala. Tukimpita, unaamka. Si unajua ana macho mekundu?" Alikuwa anamenya muwa, wala hakupunguza sauti. "Bwana kasema tufunge mpya. Mpya nayo ikilala, basi, watu wameshakubaliana la kufanya."

Nikaiweka spana chini. Sisi wa kanda hii tunajua neno la uchawi likianzishwa juu ya bibi mjane linaishia wapi. Mwisho huo sitauandika.

Lakini niseme haki. Kulwa hakuwa mwongo. Mshale ulikuwa unalala kweli, na mahali ni palepale. Bwana Masanja naye si mtu mbaya. Ni yeye aliyewaambia wenzake wasubiri geji mpya. Bila yeye wasingesubiri.

Nikaanza kazi. Injini ikiwa imepoa, nilifungua nati ya nyuma ya geji, kisha ile ya ubavuni mwa injini. Bomba la zamani lilikuwa limesuguliwa na bati la mbele ya usukani hadi likatoboka, na oili ilikuwa imechuruzika kote chini. Nikafurahi, nikasema mchawi ndiye huyu. Lile jipya nililikunja kwa vidole gumba, polepole, maana shaba ukiilazimisha inajifinya. Karibu na injini nikalizungusha mara mbili kama mkia wa nguruwe, ili mtikisiko usilikate. Linapopenya kwenye bati nikalivisha mpira. Nati ya kwenye geji nikaiacha imelegea, tukawasha, oili ikatoka na mapovu, mapovu yakaisha, nikakaza. Mshale ukapanda ukasimama. Nikazima, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kimelowa hadi alama ya kujaa.

Tukapanda mlima. Watu walikuwa wanatufuata kwa miguu. Nyumba ya Bibi Kabula iko katikati ya majabali, barabara inapopinda na kusimama kama ngazi. Tulipofika usawa wa boma lake, mshale ulitetemeka, ukalala chini kabisa.

Nilizima injini. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Hata mpya." Mama mmoja akambeba mtoto wake, akarudi nyuma.

Bibi Kabula alikuwa anaanika dagaa. Akainua kichwa. "Karibuni," akasema. Hakuna aliyeitika.

Sitajificha: na mimi nilimtazama macho. Yalikuwa mekundu kweli, kama ya mwanamke yeyote aliyepikia kuni maisha yake yote. Nikashtuka zaidi kwa kujishangaa mwenyewe. Miaka yote ya kazi, na mkono wangu ndio uliokuwa umewaletea ushahidi.

"Bwana Masanja," nikamwambia, "nipe hadi jioni."

"Jioni, fundi," akanijibu. "Zaidi ya hapo siwezi kuwashika hawa."

Tuliliteremsha trekta kinyumenyume. Mkuu wa Gereji alikuwa akisema, ukikosa jibu juu, anza tena chini. Nikafungua nati ya sampu, nikamwaga oili yote kwenye ndoo. Nilitazamia ndoo ijae. Haikufika hata nusu! Na kijiti kilisema imejaa. Nikakiokota, nikakitazama vizuri, kisha nikamtazama Kulwa.

"Hiki kijiti ni cha trekta hili?"

"Hapana, mzee. Chake kilipotea. Hiki tuliomba kwa jirani, cha trekta lake lililokufa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mzee."

Kilikuwa kirefu kupita cha kwake, kwa hiyo kiliigusa oili mapema na kusema imejaa. Kumbe ilikuwa kidogo, tena lile bomba bovu lilikuwa linazidi kuivujisha. Kwenye tambarare pampu iliifikia. Kwenye mwinuko mkali oili ilikimbilia nyuma ya sampu, pampu ikavuta hewa, mshale ukalala. Barabarani kwao mwinuko mkali ni mmoja tu, na hapo ndipo marehemu mume wa Bibi alipojenga.

Tukajaza oili kwa lita zinazotakiwa na injini ile, si kwa kijiti. Bwana Masanja alifurahi sana. "Waite wote waje," akasema. "Na Bibi asimame langoni, waone kwa macho yao."

Nilikwenda mwenyewe kumwita, karibu nikimbie. "Shikamoo, mama. Njoo usimame, mshale hautaanguka tena. Leo unatakasika."

"Marahaba, baba." Aligeuza dagaa zake kidogo. "Na siku ukianguka?"

Chuma kinachakaa. Pampu itachoka, bomba litatoboka tena. Nilikuwa namjengea bibi wa watu kesi ambayo hakimu wake ni kipande cha kioo.

Nikarudi kwa watu nikawaambia: "Mshale huu leo utasimama. Siku nyingine utaanguka, Bibi akiwepo, asiwepo, hata akiwa amezikwa. Ukianguka, niiteni mimi. Msimwite yeye." Mzee mmoja akacheka, "Fundi naye kahongwa dagaa!" Wengine wakacheka. Wachache waliinamisha kichwa.

Wakati huo Bibi alikuwa ameshatoka, amejifunga khanga vizuri. "Nipandisheni," akasema.

"Juu ya trekta, Bibi?" Kulwa aliuliza.

"Unaniogopa?"

Kulwa akampa mkono. Bibi akaketi juu ya bamba la tairi, akalishika kwa mikono miwili. Tulipanda ule mwinuko wote, tukalipita boma lake, na mshale umesimama. Juu kabisa akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akautazama mshale.

"Kumbe ni kadogo hivi?" akasema.

Akashuka, akarudi kwake kwa miguu.

Watu wa kijiji wananiambia sasa wanamsalimia. Nawashukuru, na naamini wanasema kweli. Lakini trekta ni la kale. Ndiyo maana simu ya kutoka kule ikiita, kabla sijasema haloo, huwa namuulizia kwanza Bibi.