Kasuku Kati ya Dagaa

Juzi mtoto wa jirani alikuwa akitikisa tundu la kasuku wao ili aongee. Mimi, nisiyetoka ndani hata kwa harusi, nikatoka na taulo kiunoni kumkemea.

Maana nilipokuwa mtoto, ujinga wangu ulikuwa mkubwa zaidi. Mchana mmoja niliweka tundu la kasuku wangu mdogo juu ya jiwe, kati ya dagaa wa shangazi walioanikwa wakinuka, ili awaone ndege wenzake. Mwewe walikuwa wakizunguka juu. Kasuku alipiga kelele, akajibamiza kwenye nyaya mpaka manyoya yakaruka. Nikampigia makofi nikidhani anacheza.

Mwewe mmoja akashuka, akapenyeza kucha na kumnasa mguu. Damu ikarukia dagaa. Shangazi alimtwanga mwewe kwa ufagio mpaka akaachia.

"Shangazi, alikuwa anafurahi."

"Huo mguu ungekuwa wako, ungecheza? Funika tundu kwa kanga yangu, ukae kimya. Akitulia mpe ulezi mkononi, na usitikisike."

Jua lilipopungua nikaingiza kiganja. Aliniuma mpaka damu ikatoka. Nililia, lakini mkono sikuutoa. Akachoka kuuma, akaanza kula.